Injini ya 168F kwenye gokati ya zamani ya mtoto: nunua, ila kagua shafti kwanza

Gokati, vile vigari vidogo vya chini vyenye injini, nyingi hulala chini ya turubai nyuma ya nyumba, na fremu zake bado ni nzima. Kilichokufa ni injini: kabureta imeliwa na petroli iliyokaa miaka, kamba ya kuwashia imekatika, na spea za injini ile ya awali hazipatikani Kariakoo ya Dar es Salaam wala Kirinyaga Road ya Nairobi. Mtoto wa miaka 10 au 12 akiifunua anataka jambo moja tu, iwake. Tathmini hii ni ya injini ambayo karibu kila duka la mashine litakupa ukiulizia mbadala: 168F ya Kichina, injini ya petroli ya silinda moja, ile ile inayoendesha pampu za kumwagilia, mashine za kupukuchua mahindi na vaibreta za zege. Tunaipima pamoja na klachi, cheni na waya wa mafuta, kwa sababu injini peke yake haizungushi gurudumu.

Kwa kazi hii ni injini nzuri, na kwa mtoto anayetaka kujifunza ufundi ni bora kuliko injini ya bodaboda. Lakini haikuundwa kwa ajili ya chombo cha kupanda. Vitu kadhaa ndani yake vilipangwa kwa mashine inayokaa mahali pamoja siku nzima, na kimojawapo, kikono cha mafuta, ni hatari kabisa kikiachwa kilivyo.

Kuazima injini ya mashine nyingine si jambo geni kwenye gokati. Ile ya kwanza kabisa, aliyoiunda Art Ingels huko California mwaka 1956, ilisukumwa na injini ya West Bend iliyokusudiwa mashine ya kukatia nyasi. Ingels alikuwa akijenga magari ya mashindano katika kampuni ya Kurtis Kraft, akizungukwa na injini kubwa, na bado kigari chake kikatosheka na hiyo ndogo.

Namba kwenye bloku zina maana. Tarakimu ya 1 ni silinda moja, 68 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa. 168F tupu ina ujazo wa sentimita za ujazo 163. Ile yenye mkia, 168F-1 au 168FB, ina pistoni inayotembea milimita 54 badala ya 45 na kufikia 196. Zimenakiliwa kutoka Honda GX160 na GX200, ndiyo maana gasketi, plagi, kabureta, koili na kamba za Honda nyingi zinaingia bila shida. Stika ya ndogo husema nguvu farasi 5.5 na ya kubwa 6.5. Honda wenyewe huitaja GX200 kuwa na kilowati 4.1 kwa mizunguko 3600 kwa dakika, sawa na farasi 5.5 hivi, basi usitegemee nakala iizidi ya asili. Kwa mtoto mmoja kwenye uwanja tambarare, 163 inatosha na kubaki. Chukua 196 kama kuna kilima, au kama mtu mzima naye ataendesha. Zote mbili zina uzito wa kilo 16 hivi, kwa hiyo kuinyanyua na kuifunga ni kazi ya mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka 8 asipewe yoyote kati ya hizi. Nguvu ni nyingi na miguu yake haitafika vizuri kwenye breki.

Sasa shafti, ule mhimili unaotoka nje ya injini kuzungusha mashine, mahali ambapo pesa hupotea. Injini ileile hutoka kiwandani na shafti za aina mbalimbali kulingana na mashine itakayofungwa. Ya pampu mara nyingi ina nyuzi kwa nje, kwa sababu feni ya pampu hujifunga juu yake kama nati. Ya jenereta imechongwa kwa mshazari, nene ndani na nyembamba nje. Zote mbili hazifai. Klachi ya gokati haishiki juu yake, na fundi wa kukereza atakayekuahidi kuisawazisha atakuachia shafti nyembamba iliyokosa nguvu. Unachotaka ni shafti iliyonyooka, yenye mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachozuia klachi kuteleza juu ya shafti), kipenyo inchi 3/4, yaani milimita 19.05. Dukani usiseme "injini ya pampu". Sema unataka injini ya kufungia puli, kama ya mashine ya kupukuchua, kisha omba kifuniko cha shafti kitolewe na uipime kwa kalipa mbele ya muuzaji. Zipo zenye milimita 20 kamili, na macho hayawezi kutofautisha. Klachi ya inchi 3/4 haiingii kwenye shafti ya 20. Klachi ya 20 kwenye shafti ya 19.05 inaingia, lakini inacheza. Dawa ya mtaani ya kuzungushia bati la kopo hudumu siku chache, kisha kii inakatika na kuacha mfereji umeliwa.

Kii yenyewe ni ya inchi 3/16, sawa na milimita 4.76. Kii ya milimita 5 inaweza kupunguzwa kwa tupa taratibu hadi iingie kwa kubonyezwa na kidole gumba, na hiyo ni kazi nzuri ya kumpa mtoto: anapiga tupa mara chache, anajaribu, anarudia. Asipige nyundo. Kwenye uso wa mwisho wa shafti kuna tundu la bolti inayoshikilia klachi isitoke. Kwa shafti ya inchi, nyuzi zake kwa kawaida ni za inchi 5/16 zenye meno 24 kwa inchi. Bolti ya M8 ya kawaida itaanza kuingia, itakaza, na ukilazimisha utaharibu nyuzi. Nunua bolti sahihi siku hiyohiyo pamoja na washa pana.

Jambo jingine la kukagua kabla ya kuchomelea kitako cha injini ni upande wa kuzunguka. Ukiitazama shafti uso kwa uso, inazunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwa hiyo, kwa cheni ya moja kwa moja hadi ekseli ya nyuma, shafti lazima itazame kushoto kwa dereva. Ikitazama kulia gokati itarudi nyuma. Gokati ambayo injini yake ya zamani ilizunguka upande wa pili inabidi sproketi ya ekseli ihamishwe, na ni bora kujua hilo kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea kuliko baada.

Injini mpya haina oili ndani. Huja kavu, na wanaoivuta kamba bila kusoma karatasi huiua siku ya kwanza. Iweke mahali pa bapa, jaza lita 0.6 ya oili ya injini za petroli za mipigo minne, 10W-30 au 15W-40 kwa joto letu, mpaka ifike ukingoni mwa tundu la kujazia. Kipimo chake huchovywa tu, hakifungwi kwa nyuzi wakati wa kupima. Nakala za Kichina hubaki na unga wa chuma kutoka kiwandani, kwa hiyo oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 1 au 2 za kuendesha, ingawa Honda kwa injini zake husema saa 20. Imwagie kwenye beseni jeupe juani. Mtoto akiona chembe zinazong'aa ataelewa kwa nini tunabadilisha oili, na hutahitaji kumwambia tena. Baada ya hapo, kila saa 20 hadi 25 kwa matumizi ya vumbi inatosha vizuri.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fungua kifuniko cha valvu, bolti 4 za spana namba 10. Tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na kikono kinachoisukuma, kwenye injini hizi mara nyingi hazijasetiwa vizuri. Ukipata moja imekaza mno, injini itakuwa ngumu kuwaka na itapoteza nguvu ikipata moto. Ikiwa baridi, vuta kamba polepole mpaka pistoni ifike juu kwenye mpigo wa kukandamiza, valvu zote mbili zikiwa zimelegea, kisha pitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi: milimita 0.15 kwa ya kuingizia na 0.20 kwa ya kutolea. Unayotafuta ni geji inayopita kwa kukwaruza kidogo. Vidole vya mtoto vinahisi tofauti hiyo vizuri kuliko vya mtu mzima, na hakuna kazi katika matengenezo yote haya inayofundisha zaidi.

Plagi iliyokuja nayo, nyingi zikiwa F7TC, inawasha, lakini NGK BPR6ES ni nafuu na hudumu. Nafasi ya cheche ni milimita 0.7 hadi 0.8. Ifunge kwa mkono hadi ikae, halafu nusu mzunguko kwa spana ya 21 ikiwa ni mpya, robo au pungufu ikiwa imeshawahi kufungwa. Kichwa cha silinda ni alumini na nyuzi zake hazisamehi.

Turudi kwenye kikono cha mafuta, maana hapa hatuna mzaha. Mwenye pampu anataka asogeze kikono, kibaki hapo, aende zake shambani. Kwa hiyo kikono cha 168F kimebanwa kwa nati na washa ya kuchipuka ili kisirudi chenyewe. Ukifunga waya wa mafuta hapo na kuunganisha pedali bila kubadilisha kitu, mtoto akiondoa mguu injini itaendelea kuvuma vilevile na gokati itaendelea kwenda. Legeza nati hiyo mpaka kikono kiwe huru kabisa, kisha funga springi ya kukirudisha kwenye injini, na springi ya pili kwenye pedali yenyewe. Mbili, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Waya wa breki wa baiskeli na kava yake hufaa sana. Upitishe bila kona kali na mbali na ekzosi, kwa sababu kava ya plastiki ikiyeyuka waya hunasa. Jaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali hadi mwisho mara ishirini ukigeuza usukani kushoto na kulia, na kila mara kikono kirudi kwa mlio wa kugonga. Kikichelewa hata mara moja, usiwashe.

Gavana, kile kifaa kinachozuia injini isizidi mizunguko yake, usiiguse. Wapo mafundi wanaoitoa ili gokati ikimbie. Injini hii imepangiwa mizunguko 3600, na ukiipeleka mbali zaidi ya hapo bila kubadilisha konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) na flaiwili (gurudumu zito la injini), konrodi hutoboa bloku, au mbaya zaidi flaiwili ya chuma cha kumimina hupasuka ikiwa nyuma ya mgongo wa mtoto. Muuzaji yeyote anayekupa injini "iliyofunguliwa gavana" kwa ajili ya mtoto, mwachie.

Swichi ya kuzimia iko kwenye injini, nyuma ya kiti, ambako dereva hafiki. Kuileta kwenye usukani ni rahisi: waya unaotoka kwenye koili, mara nyingi mweusi, ukigusishwa na chuma cha injini, cheche hukatika na injini huzima. Chukua waya mbili, moja kutoka hapo na nyingine kutoka kwenye bolti ya bloku, zipeleke hadi kwenye swichi ya bodaboda iliyofungwa karibu na kidole gumba. Acha na ile ya awali ifanye kazi. Waya wa njano unaotoka chini ya bloku ni wa kitambuzi cha oili. Kwenye pampu huzima injini oili ikipungua. Kwenye gokati, oili huhamia upande mmoja kwenye kona na injini hukatika bila sababu, nawe utahangaika na kabureta isiyo na kosa. Wengi huuchomoa, nasi tunakubali, kwa sharti kwamba oili inapimwa kila kabla ya kuendesha. Mpe mtoto kazi hiyo iwe yake moja kwa moja.

Klachi ndipo pa kuweka pesa zako. Ni ya kani ya kuzunguka: viatu vyake hutanuka injini ikifika mizunguko 1800 hadi 2000 hivi na kushika ngoma, na injini ikiwa imetulia cheni inasimama. Mtoto hana gia wala mkono wa klachi wa kuhangaika nao, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipenda kuliko injini ya bodaboda. Ubaya ni kwamba klachi za cheni hazijai madukani. Nyingi huagizwa, na ukienda kwa wauza vifaa vya ujenzi utapewa ya kompakta (mashine ya kushindilia udongo), ambayo ina puli ya mkanda. Ile ni imara sana lakini mkanda ukilowa huteleza, na kuchomelea sproketi juu ya ngoma yake huipinda kwa joto. Subiri ya cheni, yenye meno 10, na uhakikishe tundu lake ni la inchi 3/4. Ifunge meno yakiwa upande wa injini na ngoma upande wa nje, ili mvuto wa cheni uwe karibu na beringi. Kati ya ngoma na kitovu kuna bushi ya shaba. Tone moja la oili kila baada ya saa chache za kuendesha linatosha, na likizidi likafika kwenye viatu klachi itateleza.

Zipo 168F chache zenye sanduku la kupunguza mwendo kwa nusu pamoja na klachi ndani ya oili. Ukiipata kwa bei inayobebeka, hiyo ndiyo bora kwa mtoto: inavuta kwa upole na klachi haiungui. Lakini shafti yake ya kutolea si lazima iwe ya inchi 3/4, basi pima kabla ya kununua sproketi.

Cheni ya bodaboda, 428, ina urefu wa nusu inchi kati ya pini na pini, sawa na 420 na zile zinazoandikwa 40 na 41 za gokati za Marekani. Tofauti ni upana. Kwenye sproketi nyembamba ya 420 au 41, cheni ya 428 itaingia lakini itacheza pembeni na kuruka kwenye kona. Linganisha: kama sproketi ya nyuma ni ya bodaboda, tafuta klachi yenye meno mapana au chukua seti nzima ya 420. Gokati nyingi ndogo za Marekani zina cheni nyembamba ya 35, yenye nafasi ya inchi 3/8. Hiyo haichanganyiki na chochote cha bodaboda. Weka rula ndefu ya chuma kwenye uso wa sproketi ya ekseli, ifike hadi kwenye klachi. Ikiachana milimita 2, sogeza injini kwenye matundu yake marefu. Katikati ya cheni iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 15, na kibanio cha loki ya cheni kifungwe sehemu yake isiyo wazi ikitangulia mwelekeo wa cheni.

Uwiano wa meno ndio unaoamua kama gokati itakuwa ya mtoto au la. Tuchukue tairi ya kimo cha sentimita 33, mzingo wake mita 1.04 hivi. Klachi ya meno 10 na sproketi ya nyuma ya meno 60 hugawa mwendo kwa 6. Kwa mizunguko 3600 utapata kilomita 37 kwa saa. Ukifunga sproketi ya bodaboda ya meno 42 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, mgawanyo unashuka hadi 4.2 na mwendo unapanda hadi kilomita 53. Hapo kuna makosa mawili kwa pamoja: mwendo wa hatari kwa mtoto, na klachi inayoungua, kwa sababu injini inashindwa kupanda haraka kupita ile hatua ambayo viatu vinateleza. Harufu ya kuungua na ngoma kubadilika rangi kuwa ya buluu ni dalili ya uwiano, usiikimbilie klachi. Na tairi ya toroli ya 4.00-8, yenye kimo cha karibu sentimita 40, huzidisha yote kwa moja ya tano hivi. Haikutengenezwa kwa mwendo wa namna hiyo kwanza.

Ukishapata 6 kwa 1, kuna skrubu kwenye bati la kikono inayozuia mwisho wa mafuta. Ikaze mpaka mizunguko ya juu iwe 2600, pima kwa kipima mizunguko kidogo kinachozungushwa kwenye waya wa plagi, na mwendo utakuwa kilomita 27 hivi. Mtoto akikomaa unailegeza. Kushusha chini ya 2400 hakufai, klachi itakuwa inateleza muda wote.

Haya yote yana maana tu kama gokati inasimama na kugeuka. Breki na usukani vitengenezwe kabla injini haijaguswa, na tungependa wauzaji wa injini waseme hivyo badala ya kuuliza tu unataka farasi ngapi. Sugua fremu kwa brashi ya waya hasa kwenye maungio ya kingi pini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) na nyuma ya kiti. Ufa hujificha chini ya rangi na huonekana kama mstari mwembamba wa kutu. Kwenye bomba la unene wa milimita 1.5 hadi 2, elektrodi za milimita 2.5 zinatosha, nene zaidi hutoboa. Athi, yaani kibanio cha waya wa kurudisha umeme cha mashine ya kuchomelea, ibane karibu kabisa na ufa, umeme usipite kwenye beringi za ekseli ukaziunguza, na waya wa koili uchomolewe. Fundi asitumie kipande cha bomba la maji la mabati bila kuondoa zinki yake. Moshi wake ni sumu, na mtoto asiwe karibu hapo kwa vyovyote.

Bushi za kingi pini zilizoliwa na vichwa vya tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) vinavyocheza, badilisha. Usivipakie grisi ukadhani vimepona. Nati zote za usukani ziwe za nailoni au zenye spliti pini. Pima umbali kati ya tairi za mbele kwa mbele na kwa nyuma, mbele pawe pembamba kwa milimita 3. Rimu za gokati nyingi ni vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti: toa upepo wote kabla ya kulegeza hata bolti moja, kwa sababu rimu yenye upepo hufumuka usoni. Upepo wa tairi hizi ni mdogo, mara nyingi kati ya psi 10 na 20. Soma ubavuni, na jaza kwa pampu ya mkono, si kwa kompresa ya gereji. Breki ijaribiwe kwa kusukuma: mtoto akikanyaga, mtu mzima asukume kwa nguvu zote, na magurudumu ya nyuma yaburuzike. Yakizunguka, si tayari. Pedali ya breki iwe mguu wa kushoto, ya mafuta wa kulia, zisikae pamoja.

Cheni na klachi vifunikwe kwa bati la milimita 1.5 kuzunguka pande zote za juu. Kamba za viatu, nywele ndefu na ncha ya kanga hupotelea hapo kwa nusu sekunde. Weka na bati lingine kati ya mgongo wa kiti na tangi, ambalo hubeba lita 3.6 hivi juu kabisa ya injini ya moto. Kujaza mafuta ni kwa injini iliyopoa, na si mtoto anayejaza. Kofia ngumu ivaliwe hata kwa jaribio la mita 20, na injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa.

Kuhusu ubora wa 168F yenyewe baada ya kuendeshwa: bloku, pistoni na krenki havisumbui. Vinavyosumbua ni vya nje. Kamba ya kuvutia hukatika mapema, nunua ya nailoni nene ya milimita 4 uibadilishe. Nati za ekzosi hulegea kwa mtetemo, na gasketi yake ikivuja utasikia mlio wa kupasuka. Kaza upya baada ya saa ya kwanza, injini ikiwa imepoa, pamoja na bolti 4 za kitako, M8 zenye springi washa. Filta ya hewa ya sponji bila oili hupitisha vumbi letu jekundu. Iloweshe kwa oili ya injini na uikamue hadi ibaki na unyevu tu.

Kabureta ndiyo mgonjwa wa kudumu. Injini ikiwaka kwa choki tu na kuzima ukiifungua, au mlio ukipanda na kushuka wenyewe bila kugusa pedali, mafuta hayafiki ya kutosha: tundu dogo la jeti ya mwendo wa chini limeziba, au hewa inaingia kwenye gasketi kati ya kabureta na kichwa cha silinda. Funga koki, legeza bolti ya chini ya bakuli, toa boya na pini yake, fungua jeti kuu iliyo katikati. Tazama mwanga kupitia tundu. Safisha kwa uzi mmoja mwembamba wa waya laini wa shaba na upepo. Sindano ya chuma hupanua tundu, na baada ya hapo injini itakula mafuta na kutoa moshi mweusi. Mwambie mtoto apige picha kwa kila gasketi inayotoka, maana zile mbili za kwenye kabureta zina matundu yasiyofanana na zikigeuzwa zinaziba njia ya hewa. Kama tangi lina kutu ndani, utarudia kazi hii kila wiki mpaka ufunge filta ndogo ya mafuta ya pikipiki kwenye bomba.

Dhidi ya Honda halisi, 168F inashindwa kwa umaliziaji, si kwa ufundi. Honda huwaka kwa mvuto mmoja au miwili baada ya miezi ya kukaa, tapeti zake huja zimesetiwa, na bei yake ni mara kadhaa. Kama gokati itarithiwa na wadogo zake na una uwezo, nunua Honda, lakini jihadhari na stika za kughushi. Ya kweli ina namba iliyogongwa kwenye bloku na umaliziaji safi wa kingo za alumini. Kama lengo ni mtoto afungue na kufunga kwa mikono yake, nakala inampa zaidi, kwa sababu hataogopa kuiharibu na spea zipo. Injini ya bodaboda iache kwa vijana wa miaka 16 na kuendelea: ina gia za kukanyaga, klachi ya mkono, haina gavana, na inahitaji waya nyingi.

Tunaipa 168F alama 4 kwa 5 ikiwa na shafti ya kii. Ile ya pampu yenye nyuzi tunaipa sifuri kwa kazi hii, hata ikiwa bei ni nusu.

Gokati ikiegeshwa kwa zaidi ya wiki 3, kama wakati wa masika au shule zikifunguliwa, funga koki ya mafuta injini ikiwa inaunguruma na uiache izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Kisha vuta kamba taratibu hadi uhisi ugumu na uiache hapo, valvu zote zikiwa zimefunga, unyevu usiingie kwenye silinda. Paka cheni oili, nyanyua magurudumu juu ya matofali, na funika kwa turubai isiyogusa ekzosi ya moto.